Ngozi ya Kidonge

Jua lilikuwa limebakiza kitambo kidogo kuzama ziwani, na upepo wa jioni ulikuwa umekwisha kupanda kutoka majini kuja mtaa wetu wa Kitaji, Musoma, umechukua harufu ya moshi, ya matope na ya samaki wanaokaangwa, binti wa dada yangu aliponitia kiganjani kidonge kimoja cha mafuta ya samaki akaniuliza, "Mjomba, kweli kitu kizuri kama hiki chaweza kumdhuru mtu?" Nikakiinua mbele ya dirisha. Kilikuwa laini na kirefu kiasi, na nuru ilipokipenya kikawa na rangi ya asali. Ndani yake kiputo cha hewa kilipanda na kushuka kila nilipokigeuza, kama kiputo cha pimamaji mkononi mwa fundi mwashi atafutaye usawa wa ukuta. Niliustaajabia uzuri wake. Kisha nikautazama mkono ulionipa. Kuanzia kiwikoni hadi kifundoni ngozi ilikuwa imeinuka mabaka mabaka, mengine madogo kama punje za mtama, mengine mapana yaliyounganika kingo, mfano wa visiwa vilivyochorwa katika ramani ya ziwa letu. Yalikuwa na joto nilipoyagusa, naye kwa adabu alikuwa akijizuia asijikune mbele yangu. Chupa ilikuwa juu ya meza, imeandikwa kwa lugha ya mbali, na katika karatasi yake samaki wa bahari ya baridi ameruka juu ya maji ambayo si mimi wala si yeye atakayeyaona.

Sikumjibu jioni ile. Niliogopa kusema ndiyo, nikaogopa zaidi kusema hapana, kwa kuwa katika mambo ya mwili wa mtu mwingine jibu la haraka aghalabu ni jibu la mtu asiyeumwa. Haya niyaandikayo ni jibu lililochelewa.

Mafuta ya samaki katika Musoma si kitu cha kutafutwa dukani. Yamo hewani. Ashukaye mwaloni Mwigobero asubuhi, mitumbwi inapowasili, huyakuta yamepakwa juu ya mbao za meza, juu ya viganja vya wachuuzi, juu ya noti zenyewe zinazopita mkono hadi mkono. Na akirudi nyumbani huyakuta yamemfuata nguoni. Sangara ni samaki wa shahamu. Wanawake wanaokaanga vichwa na mapanki, yaani kiunzi kinachosalia baada ya viwanda kuchukua minofu, hawana haja ya kununua mafuta ya kupikia, maana shahamu ya tumboni mwa sangara huyeyuka kikaangoni na kumkaanga mwenyewe. Nimewahi kusimama kando ya kikaango kama hicho nikatazama jinsi kitu kigumu na cheupe kinavyokuwa maji ya dhahabu, nikafikiri kwamba viwanda vingi duniani huanza kwa namna hiyo: wengi waliopata kukamua mafuta ya samaki, wa kale na wa sasa, walianza kwa moto na subira.

Naye sangara mwenyewe ni mgeni. Alitiwa katika ziwa hili miaka ya 1950, zama za Waingereza, akakaa kimya kwa muda wa kizazi kimoja, kisha katika miaka ya 1980 akatapakaa ghuba kwa ghuba, akawala furu, samaki wadogo ambao wataalamu walihesabu jamii zao kupita 500, nyingi zisizopatikana mahali pengine popote ulimwenguni, na sehemu kubwa ya jamii hizo haionekani tena. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; mgeni huyu aliponya wengine akaangamiza wengine, na hesabu yake haijafungwa. Wazee husimulia kwamba walipomwona mara ya kwanza hawakumpenda, kwa wingi wa mafuta yake. Furu aliweza kukauka juani juu ya mwamba. Sangara hakukauka, alitoa jasho la shahamu, akahitaji moshi, na moshi ukahitaji kuni, na kuni zikatoka katika vichaka na vilima ambavyo leo viko wazi. Hivyo mafuta haya yalikwisha kuibadilisha nchi kabla mtu hajafikiri kuyatia katika kidonge. Minofu yake husafiri kwenda Ulaya, mabondo yake huuzwa kwa thamani kubwa China, nasi tunabaki na kichwa na mifupa. Kisha siku moja chupa ya mafuta ya samaki hupakiwa mahali tusipopajua, ikavuka bahari, ikapandishwa basi, ikapita Bunda, ikawekwa katika kabati la kioo mbele ya binti aliyezaliwa mahali panaponuka samaki. Sisemi kwamba ni haramu. Nasema kwamba nililitazama jambo hilo kwa huzuni, nami sijamaliza kulitazama.

Watu wa pwani walikuwa na jina lao la mafuta ya samaki kabla ya chupa hizi kufika. Waliyaita sifa. Kwa sauti ni neno lile lile la kusifu, lakini hii ni sifa nyingine, iliyotoka katika ini la papa, ikayeyushwa, ikanuka mtaa wa pili, ikapakwa juu ya mbao za jahazi ili jua na maji ya chumvi visizipasue. Na chini, mahali pasipoonekana chombo kikiwa majini, mafundi walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kumzuia mdudu mtoboa mbao. Nilipokutana na neno hili kamusini kwa mara ya kwanza nilikaa nalo siku nyingi. Ilinipendeza kwamba lugha yetu iliyajua mafuta ya samaki kwanza kuwa ni dawa ya ngozi, ingawa ngozi hiyo ilikuwa ya mbao. Jahazi lililopakwa sifa lilikwenda Lamu na Maskati likarudi. Hata hivyo mbao haina hiari: hupokea kila kinachopakwa juu yake, chema kwa kibaya, haiinuki wala haipati joto. Ngozi ya mwanadamu ina hiari. Ndiyo mpaka wa nchi ya mwili, na kwenye mpaka huo wamesimama walinzi wanaojua majina.

Mataifa ya kaskazini yaliyanywa mafuta haya muda mrefu kabla ya kuyaelewa. Wavuvi wa Norwei waliyaacha maini ya chewa yaoze mapipani mpaka mafuta yaelee, wakayanywa kwa kuwa waliona yanawatia nguvu katika majira yao ya giza. Miaka ya 1850 mfamasia Peter Möller akaanza kuyatoa kwa mvuke katika maini yaliyo mabichi, yakapungua uvundo, na chupa zikaenea ulimwenguni. Mnamo miaka ya 1920 ikathibitika kwamba yalikuwa yakiinyosha miguu ya watoto wenye matege kwa ajili ya kitu kilichokuja kuitwa vitamini D, kitu ambacho sisi wa chini ya jua la ikweta hupewa bure kupitia ngozi hii hii ninayoisemea. Kisha mwaka 1970 Wadenmark wawili, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikwenda Greenland kupima damu ya wenyeji walao sili, nyangumi na samaki, nao wakitafuta sababu ya uchache wa maradhi ya moyo miongoni mwao. Na kutokana na safari hiyo dunia ikaanza kulitamka jina la omega-3, ambalo sasa hulitaja hata kijana auzaye virutubisho ndani ya basi baina ya Bunda na Musoma, akiyasifia mafuta yake kwa moyo, kwa macho, kwa akili ya mtoto, kwa nywele, kwa ngozi. Sifa juu ya sifa.

Na kwa ngozi ndiyo binti yetu aliyanunua. Alikuwa na pumu ya ngozi tangu utotoni, ile inayokausha mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, akaambiwa kwamba mafuta haya hulainisha kutoka ndani. Neno hilo si uzushi mtupu. Watabibu wamelijaribu tena na tena, kwa kuwa mafuta ya samaki hupunguza nguvu za baadhi ya mivimbo mwilini. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walitangaza habari za akina mama wajawazito 736, ambao baadhi yao walipewa mafuta ya samaki katika miezi ya mwisho, na watoto wa waliopewa wakapata pumu ya kifua na kukoroma kwa kifua pungufu kwa karibu theluthi moja. Hiyo ni habari njema, nami naiheshimu. Lakini katika watoto hao hao pumu ya ngozi haikuonekana kupungua. Kifua kilisikia, ngozi haikusikia. Tazama basi jinsi kitu kimoja kinavyotafutwa kuwa tiba ya maradhi ya mzio, na kwa mtu mwingine kikashukiwa kuwa chanzo chake, na shuku zote mbili zikawa na haki ya kusikilizwa.

Neno aleji, ambalo wazungu waliyapa maradhi haya, ni la mwaka 1906, nalo lilitungwa Vienna na tabibu wa watoto Clemens von Pirquet kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya nyingine na la pili lenye maana ya kazi. Kana kwamba mwili umeacha kazi yake iliyozoeleka ukashika nyingine. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1921, mjini Breslau, mji ambao leo ni Wrocław ya Poland, pakatokea jambo ambalo kila mkaa pwani ya ziwa angelifahamu. Heinz Küstner, mtaalamu kijana, alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa: akila, ngozi humwasha, mabaka humwinuka, pumzi humsonga. Mwenzake Carl Prausnitz yeye alikula samaki bila taabu. Wakachukua maji ya damu ya Küstner, kiasi kidogo kabisa, wakayachoma chini ya ngozi ya tumbo la Prausnitz. Siku ya pili wakachoma mahali pale pale maji yaliyotokana na samaki. Ngozi ya Prausnitz, ambaye samaki hakupata kumdhuru aushi yake, ikainuka baka pale tu, wala si pengine. Chuki ya samaki ilihama kutoka kwa mtu mmoja ikaenda kwa mwingine, ikaishi kama mpangaji katika sehemu ndogo ya ngozi ya rafiki. Kilichohama hakikujulikana hasa ni kitu gani mpaka miaka ya 1960, Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke Wajapani, walipokifumania wakiwa Denver, Marekani. Mimi si tabibu, na huenda napunguza ukubwa wa elimu yao kwa kusema hivi, lakini kila nikumbukapo majaribio ya Breslau huona mtu mmoja amekubali, kwa mara moja katika maisha yake, kuwashwa na muwasho wa mwenzake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; Prausnitz alikilalia.

Kinachowaudhi walinzi wa ngozi, kwa wengi wenye mzio wa samaki, si mafuta bali ni nyama. Katika misuli ya samaki mna protini iitwayo parvalbumini, ndogo na yenye ukaidi, isiyovunjwa na moto wa jikoni wala na barafu. Na kwa kuwa inafanana toka samaki hadi samaki, aliyekataliwa na mmoja aghalabu hukataliwa na wengi. Hata mvuke wa kikaango huweza kuichukua, ndiyo maana wapo watu wanaowashwa kwa kupita tu penye samaki anayekaangwa. Mafuta yaliyosafishwa vyema hayapaswi kuwa nayo. Huchemshwa, hukamuliwa, huchujwa, hupitishwa katika udongo unaonyonya uchafu, huondolewa harufu, hata protini ikabaki chembe chache au isibaki kabisa. Na katika majaribio machache yaliyofanywa, wenye mzio wa samaki walimeza mafuta safi namna hiyo bila kudhurika. Lau habari ingekoma hapo, ningemwambia binti yetu atulie. Haikomi, kwa kuwa si kila chupa hubeba mafuta yaliyosafishwa kwa kiwango kimoja, na kwa kuwa kidonge si mafuta peke yake.

Nilikipasua kimoja kwa ncha ya sindano. Mafuta yakatiririka juu ya sahani, mepesi, yenye harufu hafifu ya limau iliyotiwa kuficha harufu nyingine. Na nikabaki na ganda baina ya vidole, laini, lenye kuvutika, lenye joto la mkono wangu. Ganda hilo ni jelatini. Na jelatini hupatikanaje? Kwa kuchemsha ngozi na mifupa: ya ng'ombe, ya nguruwe, au ya samaki. Nilikaa na ganda lile muda mrefu kuliko nilivyokaa na mafuta. Miezi yote hiyo binti huyu, kwa kuitafutia ngozi yake laini, alikuwa akimeza ngozi ya mnyama asiyemjua, na ndani ya ngozi hiyo shahamu ya samaki asiyemjua, na pengine, kwa ajili ya kuyahifadhi mafuta, vitamini E iliyotolewa katika soya. Muislamu wa mtaa wetu angetaka kujua kama ni nguruwe kwa ajili ya dini yake. Mwenye mzio angetaka kujua kama ni samaki au soya kwa ajili ya uhai wake. Na karatasi ile ilikuwa na jibu moja kwa wote wawili, neno jelatini, pasipo jina la mnyama. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga, nao hawakukiona kidonge, ambacho nguo yake ni ngozi.

Yapo na mengine yanayojifanya mzio yasiwe mzio, nami nitayapitia upesi. Samaki wa baharini kama jodari na vibua, wakiachwa juani bila barafu, vijidudu hutengeneza ndani yao kitu kiitwacho histamini, ambacho kupika hakukiondoi, na mlaji hufura uso na kuwashwa kana kwamba amezaliwa akiwachukia samaki, ilhali kosa ni la joto na uvivu wa mvuvi. Mafuta nayo huzeeka: chupa iliyokaa dirishani mwa duka, jua la mchana likiipiga, huvunda ndani ya vidonge vyake ambavyo kwa nje bado vinang'aa. Na binti yetu, nilipomdadisi, alikumbuka kwamba katika juma lile lile alibadili sabuni. Basi ni kipi? Mabaka ya namna ile huja na kuondoka. La asubuhi mkononi halipo jioni, limeibuka pajani. Vitabu vingi vya tiba huyaeleza kuwa mekundu, kwa kuwa viliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe. Juu ya ngozi yetu wekundu hujificha, na asiyegusa kwa vidole huweza kusema hakuna kitu. Moshi kipo tangu mwaka 1992 chuo cha kanda cha kufundisha tiba ya ngozi, penye hospitali ya KCMC, na nafarijika kila nikumbukapo kwamba wapo watu waliofundishwa kusoma maradhi juu ya ngozi ya rangi hii.

Lakini sababu iliyonifanya nishindwe kumjibu haikuwa katika vitabu. Nilipokuwa shule ya bweni alikuwapo mvulana mmoja katika darasa letu, mtoto wa bara, wa wafugaji, ambaye hakula samaki. Siku za dagaa alikula ugali na chumvi. Sisi watoto wa ziwa tulimwona ana kiburi. Tulidhani anakidharau chakula kilichotulea, kana kwamba ametutukana mama zetu. Mwalimu mmoja akamwambia kwamba shuleni hakuna mtoto wa kudeka, akasimamishwa mbele ya meza, akala, nasi tukitazama. Midomo yake ilivimba kwanza. Kisha shingo. Alijikuna mpaka kucha zikaacha mistari, akapumua kwa sauti kama mlango uliokosa mafuta, nasi tukiwa bado tunacheka. Alipona, Mungu akipenda kumwacha, baada ya usiku mmoja katika zahanati. Hakuna aliyemwomba radhi, nami ni mmoja wa wasiomwomba. Sikumwona tena baada ya shule. Mtu hujikuna ajipatapo, na yeye alikuwa peke yake kati ya watu sitini.

Nimekuja kutambua kwamba wazazi wetu wangelimwelewa mvulana yule kuliko sisi. Katika nchi hizi zinazolizunguka ziwa, watu wamekuwa na miko ya koo tangu dahari: Baganda wana ukoo mkubwa wa Mmamba, ambao watu wake hawamli kamongo kwa kuwa ndiye mwenye jina lao, na huku kwetu Mara kila ukoo una mnyama ambaye haumgusi. Mtu akisema huyu si wa kuliwa na mimi, hapakuwa na wa kumlazimisha. Mwenye nyumba alimwandalia kingine, bila kuuliza sababu. Sidai kwamba miko ilitungwa kwa elimu ya protini. Nadai tu kwamba ndani yake mlikuwa na adabu ya kukubali kwamba chakula cha mmoja chaweza kuwa balaa la mwenziwe, na adabu hiyo tumeipoteza tulipojifunza kuwa chakula ni vitamini, nazo vitamini ni za wote. Kiswahili, kwa rehema yake, hakikusahau. Kilipotakiwa kuleta neno la maradhi haya mapya, kilikwenda katika ghala lake la kale kikatoa mzio, ambalo tangu zamani pwani lilikuwa ni kile kitu mtu anachokatazwa kula kwa kuwa kinamdhuru yeye. Yeye, wala si wote. Wengi mitaani husema aleji, na si kosa. Ila asemaye mzio amebeba, hata kama hajui, heshima yote ile ya mwenye nyumba aliyeondoa sahani bila kuuliza.

Na nisije nikadhaniwa namchukia samaki. Mjini Fortaleza, Brazil, matabibu wamechukua ngozi ya sato, jamii ile ile ya sato anayeuzwa Mwigobero na Kibara, wakaisafisha mpaka ikawa haina kijidudu, wakawafunika nayo watu walioungua moto. Nayo hushika juu ya jeraha, hulitunzia unyevu, na humpunguzia mgonjwa maumivu ya kubadilishwa bendeji kila siku. Nimeziona picha zake. Mkono wa mtu umevikwa magamba yaliyofifia, umetulia juu ya shuka. Sikupata kuona ngozi mbili za viumbe waliofarakana, mmoja wa majini na mmoja wa nchi kavu, zikipatana namna ile, nikafahamu kwamba samaki hana uadui na ngozi yetu. Kinachotakiwa ni kujua ni samaki gani, amesafishwaje, na anawekwa juu ya nani.

Dagaa wa usiku wa giza walikuwa wameanza kuvuliwa, na taa za wavuvi zimetanda mbali majini, nilipomaliza kuyapanga haya moyoni. Asubuhi yake nilikwenda naye kwa tabibu, chupa ikiwa mkobani. Tabibu hakucheka. Aliigeuza, akatafuta jina la mnyama, asilione. Akamwambia aache vidonge na sabuni ile vyote viwili, aandike kila anachokula, na kwamba siku midomo ikivimba au pumzi ikibana asingoje kupambazuka, aende hospitali mara moja apate sindano ya adrenalini. Mabaka yalitoweka siku ya nne. Bado hatujajua ni kipi kati ya viwili kilichoyaleta, naye amekubali kukaa na kutojua huko mpaka apimwe.

Kwa hiyo, wewe unayeyatia mafuta haya katika chupa, andika juu ya karatasi yako, kwa Kiswahili, ni samaki gani aliyekamuliwa na ni ngozi ya mnyama gani uliyoitengenezea ganda. Wewe unayeyauza, itoe chupa juani, na mnunuzi akikuuliza kilichomo usimjibu kwa sifa. Na wewe mwalimu, mzazi, mwenye nyumba uliyepakua ugali na samaki: mtoto akikwambia kwamba samaki humwasha, mwondolee sahani.